FLASKI HAIPIKI, HUTUNZA TU

(Na mwanachama, Kidato cha Tatu)

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi ya sungura na fisi. Nimeleta somo. Somo lenyewe nililipata nyumbani kwetu Kisumu Ndogo, hapo Kibera, na aliyelilipia ni kaka yangu, kwa tumbo lake. Naomba msicheke mpaka mfike mwisho.

KISA CHENYEWE

Kaka yangu mkubwa ni mtu wa mjengo. Kila siku isipokuwa Jumapili huamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja yuko njiani, anafuata reli kwa miguu pamoja na umati wa watu wengine wanaotoka Kibera kwenda Industrial Area kutafuta riziki. Nauli ya kila siku angeitoa wapi? Chakula cha kununua kule kazini nacho ni pesa. Ndiyo maana mama alimnunulia hotpoti ndogo ya plastiki, akamwambia, "Ubebe chakula cha nyumbani, baba. Hiyo pesa ya kibanda weka."

Mama alikuwa na mpango wake. Jiko letu la makaa lilikuwa likiwashwa mara moja tu kwa siku, jioni, maana makaa si bure. Akishapika wali na maharagwe tulikula sote, kisha yaliyobaki aliyatia ndani ya hotpoti, akaifunika kabisa na kuiweka juu ya kabati. "Akiba haiozi," alikuwa akisema. Alfajiri alifungua kidogo, akatia kidole katikati ya wali na kutangaza, "Bado kuna kajoto!" Sisi watoto tulifurahi. Tuliona huo ni ushindi mkubwa dhidi ya baridi ya Nairobi.

Siku moja ya mwezi wa tatu, jua likiwa kali, kaka alifungua hotpoti yake saa saba mchana. Anasema chakula hakikuwa na harufu yoyote mbaya. Alikula akamaliza. Kabla ya saa kumi alikuwa amejikunja kando ya rundo la kokoto, anatapika na kushika tumbo. Wenzake walimsaidia mpaka zahanati. Mhudumu alimpa maji yenye pakiti ya chumvi na sukari ili kurudisha maji yaliyopotea mwilini, kisha akamuuliza maswali mawili tu: "Ulikula nini? Kilipikwa saa ngapi?"

Kaka alilala nyumbani siku nne. Mtu wa kibarua asipofika halipwi, na siku ya tano alipofika alikuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine. Ilimbidi aanze kuzunguka upya. Karo yangu ya muhula ule ilikuwa itoke katika pesa hizo, kwa hiyo mnaweza kuelewa kwamba jambo hili halikuwa la kaka peke yake.

Plotini kwetu kila mtu alikuwa na lake. Jirani mmoja alisema, "Hiyo ni omena ya juzi, mimi naijua." Omena yenyewe haikuwamo! Mwingine akasema, "Wacheni, hizi hotpoti za siku hizi ni feki tu." Mama hakusema neno mchana kutwa. Usiku ndipo alipomwambia kaka kwa sauti ya chini, "Ni mimi nilikupikia. Ni mkono wangu." Maneno hayo yaliniuma kuliko yote. Najua jinsi mama anavyoosha mikono, anavyochagua mchele punje kwa punje na kuchemsha maharagwe mpaka yalainike. Nikasema moyoni, lazima nijue kosa lilikuwa wapi.

MASWALI YA MWALIMU

Nilimwendea mwalimu wetu wa Fizikia baada ya masomo. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Chakula mnakiweka kwenye hotpoti kikiwa moto kiasi gani?"

"Kikishapoa kidogo, Mwalimu. Tukimaliza kula."

"Na kinakaa humo saa ngapi?"

Nilihesabu kwa vidole, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba mchana. "Saa kumi na saba, Mwalimu."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Sasa sikiliza. Nyinyi hamkuwa mnatunza chakula. Mlikuwa mnaatamia mayai. Kuku akitaka vifaranga hachemshi mayai wala hayaachi yapoe. Anayapa uvuguvugu, tena uvuguvugu wa muda mrefu. Hivyo ndivyo mlivyofanya, ila nyinyi mliangua vijidudu."

Kutoka siku hiyo nilianza kusoma habari za flaski. Haya ndiyo niliyoyapata.

MANENO KWANZA

Kwa kuwa hiki ni Chama cha Kiswahili, tuanze na maneno. Chombo chenye kioo ndani tunachotilia chai huitwa chupa ya chai. Wengine husema themosi, na hapa Nairobi wengi wetu husema flaski. Hotpoti ni bakuli lenye mfuniko, lenye kuta mbili na povu gumu katikati. Siku hizi pia kuna flaski ya chakula, ambayo ni ya chuma kisichoshika kutu na ina mdomo mpana wa kuingiza kijiko.

Joto nalo lina maneno yake. Kitu kisicho moto wala baridi ni cha uvuguvugu, na pia twaweza kusema fufutende. Chakula kilicholala huitwa kiporo, au mwiku, au bariyo. Kikianza kutoa uchungu na povu tunasema kimechacha. Wazee wetu wasingekuwa na maneno mengi hivi kama jambo lenyewe lingekuwa dogo. Lakini angalieni vizuri: chakula cha kaka hakikuwa kimechacha. Chakula kinaweza kuwa na sumu kabla pua haijajua. Tusiitegemee pua peke yake.

WEZI WATATU WA JOTO

Kitu cha moto kikiachwa hupoa kwa sababu joto lake huibwa. Wezi ni watatu.

Mwizi wa kwanza hupita kwa kugusana. Tia kijiko cha chuma ndani ya chai ya moto na baada ya muda mfupi mpini utakuchoma. Joto limepita ndani ya chuma, hatua kwa hatua, mpaka kidoleni. Mwiko wa mbao hauchomi upesi hivyo, kwa kuwa mbao hupitisha joto polepole. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole zaidi.

Mwizi wa pili husafiri pamoja na hewa au maji. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi, hivyo hupanda juu na ile baridi hushuka kuchukua nafasi yake, nayo hupata joto ikapanda. Sufuria isiyo na kifuniko hupoa haraka kwa njia hii, na mvuke unaotoka huondoka na joto jingi sana.

Mwizi wa tatu hahitaji kugusa kitu wala hewa ya kumbeba. Ukikaa mbele ya jiko lililokolea, uso wako hupata joto hata kama upepo unavuma kutoka nyuma yako. Joto limekumulika kama mwanga. Joto la jua nalo hutufikia vivyo hivyo, likipita mahali patupu pasipo na hewa.

Sasa tazameni werevu wa flaski ya chai. Ndani yake kuna kioo chenye kuta mbili, na hewa iliyokuwa kati ya kuta hizo imenyonywa ikatolewa. Mahali patupu hapana cha kugusana wala cha kupanda na kushuka, kwa hiyo mwizi wa kwanza na wa pili wamefungiwa mlango. Kioo hicho kimepakwa rangi ya fedha inayong'aa ili kumrudisha ndani mwizi wa tatu, kama kioo cha kujitazamia kinavyorudisha mwanga. Kinabaki kizibo, na ndipo joto linapopenya zaidi. Hotpoti haina mahali patupu. Ina povu lenye vijishimo vingi vya hewa iliyotulia, kwa hiyo inazuia wezi lakini si kwa nguvu kama flaski.

Katika maelezo hayo yote hakuna mahali niliposema flaski huleta joto. Haina moto ndani yake. Chukua jiwe baridi, ulifunike blanketi nzito usiku kucha. Asubuhi utakuta jiwe baridi. Blanketi hutunza joto la mwili kwa sababu mwili unalo. Flaski nayo ni hivyo hivyo: ukiipa moto itatunza moto, ukiipa uvuguvugu itatunza uvuguvugu. Kwetu nyumbani tulikuwa tukiipa hotpoti uvuguvugu, nayo ikafanya kazi yake kwa uaminifu.

FLASKI ILITOKA WAPI

Aliyebuni flaski hakuwa na haja ya chai. Alikuwa mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, aliyefanya kazi London katika Royal Institution. Mwaka 1892 alihitaji chombo cha kutunza gesi alizozipoza mpaka zikawa maji. Kumbe basi flaski ya kwanza ilitunza baridi! Kwa hakika flaski haijui moto wala baridi. Inazuia tu joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Dewar hakuchukua hataza ya chombo chake. Mwaka 1904 huko Ujerumani, Reinhold Burger na mwenzake walianza kukiuza kwa matumizi ya nyumbani kwa jina Thermos, kutokana na neno la Kigiriki la joto. Dewar alikwenda mahakamani akashindwa. Mwaka 1913 Mmarekani William Stanley alitengeneza flaski ya chuma kitupu, isiyovunjika kama kioo.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na njia yetu. Muuza kahawa wa Mombasa au Lamu hubeba dele, lile birika refu la shaba au bati, na chini yake kuna makaa yanayowaka. Anatembea na moto wake, kwa hiyo kikombe cha mwisho huchoma kama cha kwanza. Dele na flaski zina kazi moja ila njia ni mbili: dele huongeza joto kila wakati, flaski huzuia tu lisipotee. Mtu wa dele anaweza kuanza na kahawa isiyochemka sana, itachemka njiani. Mtu wa flaski hana nafasi hiyo. Akikosea mwanzo, amekosea mpaka mwisho.

MPAKA WA 60

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2001 lilitoa Kanuni Tano za chakula salama, linafundisha kwamba vijidudu vingi vya chakula huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Chakula kilichopikwa kitunzwe juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe. Kisikae mahali pa kawaida zaidi ya saa mbili. Wenye friji wanaweza kukimbilia upande wa baridi, chini ya nyuzi 5. Sisi tusio na friji tuna upande mmoja tu wa kukimbilia, nao ni wa moto.

Wali una hatari yake ya pekee. Katika mchele huwamo kijidudu kinachoitwa Bacillus cereus. Kinaweza kukaa kimejifungia ndani ya ganda gumu, na kuchemsha kwa kawaida hakukiui. Wali ukipoa na kufikia uvuguvugu, kinatoka, kinazaana na kuweza kutengeneza sumu. Na sumu hiyo ya kutapisha haiondoki hata ukipasha wali moto tena. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu nilikuwa nikidhani kupasha moto kunaponya kila kitu. Kupasha huua vijidudu vingi, lakini hakufuti sumu waliyokwisha kuacha. Mhudumu wa zahanati hakupima chakula cha kaka, hivyo siwezi kuapa kwamba ni kijidudu hicho. Ila dalili na saa zake zinafanana sana.

Kuna jambo jingine la sisi wakazi wa Nairobi. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku juu ina kani ndogo, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati ndugu zetu wa Mombasa wanachemsha kwa nyuzi 100. Tunaanza safari tukiwa nyuma kwa nyuzi sita. Maharagwe ya Nairobi huchukua muda mrefu jikoni, na flaski ya Nairobi iko karibu zaidi na mpaka wa 60 tangu inapofungwa.

JARIBIO LETU

Mwalimu aliniazima kipimajoto, na Jumamosi moja wanachama watatu wa chama hiki tukakutana maabara. Tulikuwa na sufuria yenye kifuniko, hotpoti yetu ya nyumbani, hotpoti nyingine inayofanana nayo, na flaski ya kioo kutoka ofisi ya walimu. Tulichemsha maji, na kweli kipimajoto hakikufika 100. Kilisimama karibu na 94, mpaka mmoja wetu akadhani ni kibovu!

Saa mbili asubuhi tulitia maji yanayochemka katika kila chombo. Hotpoti ya kwanza tuliijaza nusu, bila kuipasha kwanza. Ya pili tuliipasha kwa maji moto kwa dakika kumi, tukayamwaga, kisha tukaijaza mpaka karibu na ukingo. Flaski nayo tuliipasha na kuijaza. Mwalimu alisema tutazame jambo moja tu: ni saa ngapi kila chombo kinashuka chini ya 60.

Sufuria ilishuka kwanza, kabla ya saa nne. Hotpoti iliyojaa nusu ikaifuata baada ya muda mfupi. Hotpoti iliyopashwa na kujazwa ilivumilia mpaka karibu saa sita. Flaski ya kioo ilikuwa bado juu ya 60 saa tisa, tulipofunga maabara kwenda nyumbani.

Mwenzetu mmoja aliuliza, "Sasa mbona hotpoti ni moja na matokeo ni mawili?" Jibu ni kwamba chombo baridi hunywa joto la chakula kabla hakijaanza kulitunza. Tena, chakula kingi kina akiba kubwa ya joto kuliko chakula kidogo, na nafasi tupu iliyo juu ya chakula ni ya hewa na mvuke, inayopokea joto na kulipeleka kwenye mfuniko. Hivyo basi hotpoti ilikuwa nzima. Ilikuwa inatumiwa vibaya.

Jaribio hili kila mmoja wenu anaweza kulifanya nyumbani kwa chombo chake. Asiye na kipimajoto aazime shuleni. Saa utakazozipata ni za chombo chako, si za maandishi ya dukani.

KANUNI ZA MBEBAJI CHAKULA

1. Pasha chombo kwanza. Tia maji moto, funika dakika kumi, kisha yamwage. Nyumbani hatuyapotezi, kaka huyatumia kunawa uso. Flaski ya kioo ianze na maji ya vuguvugu, maana kioo baridi kikikutana ghafla na maji yanayochemka kinaweza kupasuka.

2. Tia chakula kikitoka jikoni kinatokota. Usisubiri watu wamalize kula. Chakula cha msafiri hupakuliwa kwanza.

3. Jaza. Kama chakula ni kidogo, tafuta chombo kidogo.

4. Chagua chakula chenye mchuzi. Ndengu, maharagwe na supu hushika joto vizuri kuliko ugali mkavu au chapati.

5. Usifungue njiani kuonja wala kuwaonyesha wenzako. Kila ukifungua, mvuke unaondoka na joto lako.

6. Kula ndani ya saa za chombo chako. Mwenye hotpoti ya saa nne asingoje saa saba mchana. Kilichobaki usikirudishe nyumbani kuwa kiporo.

7. Usitie chakula kigumu katika flaski ya kioo. Kijiko kikigonga kioo kikapasuka, utakula vigae. Na chai ya maziwa isilale humo usiku kucha, kwani maziwa ni chakula kama wali.

8. Osha chombo siku hiyo hiyo, pamoja na kizibo na mpira wake, kisha kiache wazi kikauke. Harufu ya flaski iliyofungwa ikiwa na unyevu kila mtu anaijua.

KUNUNUA KWA MACHO MAWILI

Flaski mpya ya chuma ni ghali kwa watu wengi wa mtaani kwetu. Tulipata ya mitumba katika soko la Toi, tena kwa kubishana bei mpaka mama akageuka kama anayekwenda zake. Lakini kabla ya kulipa tulifanya jambo moja. Tulimwomba mama wa chai aliye karibu atutilie maji yanayochemka, tukafunga na kungoja dakika kumi, kisha tukapapasa nje ya flaski pande zote. Nje pakiwa moto, ujue hewa imeingia kati ya kuta, na flaski hiyo sasa ni kopo tu. Ya kwanza ilikuwa moto. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, tukaichukua. Mwenye duka alicheka, "Nyinyi mmesoma sana!"

Mwenye flaski ya chai iliyovunjika kioo naye asiitupe. Mara nyingi kioo cha ndani huuzwa peke yake madukani. Pima kimo na mdomo kabla ya kwenda kununua.

ASIYE NA FLASKI

Kuna kikapu kinachotumika mashambani na mijini hapa Kenya, ambacho watu hukiita jiko lisilo moto. Kikapu hutandikwa ndani vitambaa au sponji nene, kikashonewa bitana, na mto mnene ukawa kifuniko chake. Sufuria inayotokota huwekwa humo ikiwa imefunikwa, na chakula huendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Makaa yanaokolewa, na mpishi anapata nafasi ya kufanya mengine.

Ila hapa nataka kuonya kwa herufi kubwa. MAHARAGWE MEKUNDU YASITEGEMEE KIKAPU WALA FLASKI KUIVA. Maharagwe hayo yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko mkali. Shirika la Afya Duniani linasema yalowekwe angalau saa 12, kisha yatokote kwa nguvu katika maji angalau dakika 10; maji ya kulowekea tuyamwage na tutumie mapya. Sisi wa Nairobi, kwa hizo nyuzi sita tunazokosa, tuongeze muda. Maharagwe ya uvuguvugu yasiyoiva ni hatari. Na kikapu, kama hotpoti, si kabati la kulaza chakula mpaka kesho.

HITIMISHO

Wapenzi wasomaji, nilirudi nyumbani na karatasi yangu ya maabara. Nilidhani mama atakasirika kwamba mtoto amekuja kumfundisha kupika. Nilimsomea polepole, na nilipofika mahali pa hotpoti mbili alinisimamisha. "Kwa hivyo chakula chenyewe kilikuwa sawa?"

"Kilikuwa sawa kabisa, Mama, ulipokiepua. Ni zile saa kumi na saba."

Alinyamaza kidogo, akafuta macho kwa leso, akasema ni moshi. Jiko halikuwa limewashwa.

Siku hizi mama huloweka ndengu jioni na huamka saa tisa na nusu usiku. Huwasha jiko mara moja kwa ajili ya chai, ndengu na wali, kisha jioni tunapika chakula chepesi. Tulidhani makaa yatakuwa mengi zaidi, lakini ndengu zilizolowekwa huiva upesi kuliko maharagwe, kwa hiyo tunajikimu. Usingizi ndio uliopungua, na mama hulala mapema kuliko sisi. Kaka alipata kibarua kingine baada ya wiki tatu. Anabeba flaski ya Toi, na anafungua mapumziko ya mchana mvuke ukimpiga usoni. Wenzake wawili wamekwisha kumuuliza amenunua wapi.

Na ile methali? Mama ameirekebisha kwa matumizi ya nyumbani kwetu. Kila nikitaka kuacha wali sufuriani mpaka kesho husema, "Akiba haiozi, lakini wali si akiba. Kula umalize."

Naomba kutia nanga hapa. Walimu na wenzangu, kinga ni bora kuliko tiba.

ZOEZI

1. Taja wezi watatu wa joto, na ueleze jinsi flaski inavyomzuia kila mmoja.
2. Kwa nini kupasha moto wali uliolala hakutoshi kuufanya salama?
3. Eleza tofauti kati ya dele na flaski. Ni kipi kinachoongeza joto?
4. Toa maneno mawili yenye maana sawa na "kiporo", uyatungie sentensi.
5. Pima chombo cha nyumbani kwenu. Ni baada ya saa ngapi kinashuka chini ya nyuzi 60? Leta jibu katika mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao.